Gauni la Kushonewa Mwilini

Siku ambayo mwalimu aliingia kwenye chumba cha ushonaji na mfuko wa kitambaa kwapani, mshoni alikuwa amebana pini mdomoni, na hiyo ilikuwa bahati ya mwalimu, maana mtu mwenye pini mdomoni hawezi kutukana.

"Ee, Mama Chiriku! Kumbe fundi wanayemsifu hivi ni wewe?" Mwalimu alijivutia kiti bila kukaribishwa. "Nilielekezwa tu, nenda pale kwa msusi, fundi yuko humo humo ndani. Haya, dunia ndogo. Mtoto anaendeleaje?"

Mshoni alizitoa pini moja moja na kuzichomeka kwenye kimto chake.

"Yupo."

"Afadhali. Na yale mambo yetu yalishapita, au siyo? Mimi sina kinyongo kabisa."

Yeye ndiye asiye na kinyongo! Kwenye nusu nyingine ya chumba, msusi, ambaye alichangia na mshoni kodi na mlango na siri zote, aliacha mkono hewani, kichwa cha mteja nusu kimesukwa nusu kimesimama. Wale mashoga wawili wakatazamana kupitia kioo kikubwa cha ukutani. Kisha mshoni akashusha macho, akavuta tepu yake ya kupimia iliyoning'inia shingoni, akasema kwa sauti laini kuliko satini, "Karibu, Mwalimu. Simama tupime."

Ulaini ule una habari yake.

Mtoto walimpa jina la Chiriku kwa sababu alianza kuongea kabla meno hayajamtosha, na tangu hapo hakunyamaza. Aliongea na paka, aliongea na cherehani, aliongea usingizini. Alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao chembe zinajikunja kama mundu na kuziba njia, maumivu yanaingia mifupani bila hodi. Mama yake na baba yake, fundi wa vigae, walijifunza kuishi na ugonjwa huo kama watu wanavyoishi na jirani mkorofi: wanajua anaamka vipi, wanajua kinachomchokoza. Baridi inamchokoza. Kuchoka kunamchokoza. Kiu ndiyo inamtia wazimu kabisa.

"Maji, Mama," sista wa kliniki alisema kila walipokwenda. "Maji ndiyo dawa ya kwanza. Anywe mpaka achoke. Na akinywa atatoka mara kwa mara, figo zake ndivyo zilivyo. Msimzuie."

Mwanzo wa mwaka mshoni alikwenda shuleni kumweleza hayo mwalimu wa darasa, yule ambaye watoto walimwita Rula wakiwa mbali naye. Mwalimu aliitikia kwa kichwa kizima. Ndiyo, ndiyo, nimekuelewa, ondoa shaka.

Kisha ikaja siku ya jaribio la hesabu. Chiriku aliomba kutoka, akaambiwa angoje. Akaomba tena.

"Wewe kila saa choo, choo! Una bomba tumboni? Vumilia, kipindi kinakaribia kuisha."

Darasa likafa kwa kicheko. Halafu akaitwa ubaoni, na ni pale pale ubaoni, chaki mkononi na mgongo kwa wenzake, ndipo mwili ulipomshinda. Mwalimu alimwambia avue sweta yake apanguse sakafu. Mtoto akavua, akapiga magoti, akapangusa. Nje kulikuwa na manyunyu na upepo wa kukata masikio, na alirudi nyumbani na shati peke yake.

Jina la Bomba lilimfuata mpaka getini, likamfuata mpaka dukani.

Mshoni alikwenda kulalamika. Mwalimu mkuu alikunja mikono juu ya meza, akasema watalifanyia kazi. Rula akasema watoto wa siku hizi wanadekezwa, na ugonjwa usigeuzwe kuwa ruhusa ya kila kitu. Mshoni alirudi nyumbani na hasira yake yote. Mumewe alimtengenezea chai, akamkalisha, akamwambia, "Mke wangu, sisi tumwangalie mtoto. Yule mwanamke tumwachie Mungu." Naye akakubali, maana wakati ule aliamini mambo yameishia hapo.

Hayakuishia hapo. Chupa ya maji ya shule ilikuwa inarudi tupu kila siku, na mama alikuwa anamsifu mwanawe, hodari, umemaliza. Mpaka alipoingia chooni baada yake, akaona rangi iliyobaki, kahawia kama chai iliyolala. Hata kabla hajamuuliza vizuri, maumivu yaliingia: kiuno, mapaja, kifua. Walimbeba kwenda hospitali amekunjamana kama nguo mbichi. Na huko wodini, dripu mkononi, uso ameuelekeza ukutani, ndipo Chiriku aliposema kwamba maji yake huwa anayamwagia maua ya shule.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Nisipokunywa, sitaomba."

Maneno mawili hayo yalimwingia mama yake kama sindano nene ya kushonea magunia, na hakuna aliyeichomoa. Mtoto alitoka hospitali, mifupa ikatulia, lakini maji nyumbani alikunywa kwa kubembelezwa, kijiko baada ya kijiko, na nje ya nyumba hakugusa hata tone. Kuongea nako kukaisha. Unaumwa? Hapana. Unataka nini? Sitaki kitu. Hata pale uso ulipokuwa umekunjika kwa maumivu: hapana, Mama, siumwi. "Maumivu ya mifupa tuna dawa yake," sista alimwambia mshoni pembeni. "Hili lingine linataka muda, na watu wema." Mshoni aliitikia, huku moyoni akijua kwamba yeye si mtu mwema tena. Kuna mtu alimnyang'anya mwanawe sauti akaondoka nayo, na mtu huyo kila asubuhi anaoga, anapaka poda, anapiga mswaki, anaendelea na maisha yake.

Na sasa mtu huyo alikuwa amesimama mbele yake, mikono ameinua, anapimwa kifua.

"Nimeteuliwa kuwa mwalimu mkuu msaidizi," mwalimu alisema. "Kutakuwa na hafla ukumbini, mgeni rasmi, wazazi, mpiga picha, kila kitu. Nataka nikiingia watu wasahau walichokuwa wanasema." Alitoa simu, akaonyesha picha ya mwanamke aliyevaa gauni lililombana kuanzia kifuani mpaka magotini, kisha likachanua chini. Kitambaa chake mwenyewe kilikuwa satini ya rangi ya damu ya mzee, kizuri, kizito. "Ila mgongoni sitaki zipu. Zipu inanifanya nionekane kama samaki aliyepasuliwa."

Mshoni alisimama na chaki yake mkononi, na hapo ndipo lilipomjia, taratibu, kama mteja anayepiga hodi mlango ukiwa wazi.

"Zipu si lazima, Mwalimu. Kuna mshono wa watu wakubwa. Unavaa gauni likiwa wazi mgongoni, halafu fundi anakushonea humo humo mwilini, kwa sindano ya mkono, uzi hauonekani. Linakukaa kama ngozi uliyozaliwa nayo. Sherehe ikiisha, fundi anafumua."

"Heh! Mastaa ndivyo wanavyofanya?"

"Ulidhani wanaingiaje mle?"

Mwalimu alicheka, akajigeuza mbele ya kioo cha msusi, akashika kiuno. "Na nikitaka kukaa?"

"Utakaa. Nitakuachia pumzi ya kutosha. Magotini tu ndipo nitabana, ili lichanue kama la kwenye picha."

"Basi nishonee hilo."

Kulikuwa na swali moja zaidi ambalo mtu mwenye akili zake angeuliza. Mwalimu hakuliuliza, na mshoni hakumkumbusha.

Mlango ulipofungwa, msusi alimwacha mteja wake na kitana kichwani, akaja mbio. "Shoga. Ataendaje chooni na gauni hilo?"

Mshoni alikata uzi kwa meno. "Hataenda."

"Mungu wangu!"

"Nataka akae mbele ya watu, amebanwa. Nataka aombe, na mimi nimwambie avumilie. Na ikimshinda, imshinde pale pale mbele ya mgeni rasmi, ili nione atapangusa kwa kitu gani."

Msusi alishika mdomo, akacheka mpaka akakaa. "Na uso wako huo wa mtu wa kwaya! Basi kichwa chake nitakisuka mimi, asubuhi hiyo hiyo. Na habari ya kunywa niachie. Atakunywa huyo mpaka alie kama mtungi."

Mshoni hakuwahi kushona gauni vizuri kama lile. Alikata satini kwa mkasi uliotoka kunolewa. Alitia bitana ya hariri ya bandia kwa ndani ili isikwaruze. Kwanza alipiga bandi, ule mshono mrefu wa kushikiza tu, akamjaribisha, akapunguza hapa, akaachia pale, kisha akashona moja kwa moja, na kila pedali iliposhuka alijikuta anaimba. Aliimba hata jioni, kwenye cherehani ya nyumbani, mpaka mumewe, aliyekuwa ananawa saruji mikononi, akasimama mlangoni.

"Gauni la nani hilo linaloimbiwa?"

"La mwalimu."

"Mwalimu yupi?"

"Yule yule."

Fundi vigae alijifuta mikono polepole. Alikuwa mtu wa maneno machache tangu Chiriku alipoacha ya kwake, kana kwamba walikuwa wanatumia kisima kimoja. "Mama Chiriku, unapanga nini?"

"Nashona."

"Nakujua ukishona, na nakujua ukipanga."

Basi akamwambia yote. Mumewe alisikiliza, na mshoni aliona kona ya mdomo wake ikitaka kucheka, akajua hata yeye anayo hasira yake, ameificha tu chini ya vigae. Lakini hakucheka. Alitazama upande wa kitanda cha mtoto. "Na yeye atapata nini kwenye gauni hilo?"

"Atapata haki yake."

"Akishaipata, atakunywa maji?"

Mshoni akainamia kitambaa. Akakanyaga pedali, cherehani ikapiga kelele ya kutosha watu wawili.

Asubuhi ya hafla walipewa darasa tupu lililopakana na ukumbi wamvalishie mwalimu humo. Mshoni alikwenda na Chiriku, maana baba mtu alikuwa kazini, na tangu hospitali hakuwa tayari kumwacha kwa mtu. Mtoto alipoona ubao alirudi nyuma, akashika sketi ya mama yake kwa mikono yote miwili. "Tutakaa kule pembeni, mwanangu," mshoni alimnong'oneza. "Leo hakuna wa kukuita popote." Akamkalisha kwenye dawati la mwisho na maji yake, ambayo mtoto hakuyagusa.

Msusi alitimiza ahadi. Alikuja na chupa ya chai, akaja na juisi na jagi la maji, akaja na tikiti maji lililokatwa vipande vikubwa, jekundu kuliko aibu. "Kula, Mwalimu, tikiti linang'arisha ngozi. Kunywa, dada, leo utaongea sana, koo litakauka. Hata kidogo hiki? Basi maliza tu, nisirudi nacho."

"Jamani, mnanilea kama bibi harusi!"

"Si leo ndiyo siku yako?"

Mwalimu alikula, akanywa, akasukwa, akanywa tena. Kisha akaingia kwenye gauni, akageuka, akampa mshoni mgongo. Mshoni alitunga uzi maradufu. Akaanza chini ya kiuno kwenda juu: kwanza bitana, mshono mdogo mdogo kama mchwa wanavyotembea, kisha satini juu yake, akarudia tena pale kwenye nyonga. Ngozi ya mwalimu ilikuwa na harufu ya marashi na ilitetemeka kidogo kila sindano ilipokaribia, na mshoni, aliyewahi kuwaza kuteleza makusudi, hakumchoma hata mara moja. Alifunga fundo chini ya shingo, akalikata kwa meno.

"Umependeza, Mwalimu."

Haukuwa uongo. Mwalimu alijitazama kwenye kioo cha mkononi cha msusi, macho yakamjaa furaha kama ya msichana mdogo, na kwa dakika hiyo mtu asiyemjua angempenda. Akaondoka kwa hatua fupi fupi, magoti yamekumbatiana, kuelekea makofi.

Ukumbi ulijaa. Mshoni na mwanawe walisimama kwenye mlango wa pembeni, karibu na meza ya vinywaji vya wageni, mahali ambapo mtu akihitaji sindano anamwona fundi wake. Walimu walikaa jukwaani mstari mmoja, mwalimu katikati, aking'aa. Kulikuwa na kwaya. Kulikuwa na ngonjera. Mwalimu mkuu alisoma historia ya shule tangu ilipokuwa mabanda. Kisha mgeni rasmi akasimama, akasema hatawachosha, na kila mtu akajua watachoka.

Mshoni alikuwa hasikilizi. Alikuwa anatazama magoti. Kwanza yalitulia. Halafu goti la kulia likaanza kugonga chini ya satini. Halafu mwalimu akakunja vidole vya miguu ndani ya viatu. Mhudumu alipomwekea glasi ya maji mbele yake, aliisukuma mbali kana kwamba ina nyoka. Jasho likamtoka juu ya mdomo, poda ikachora njia. Mgeni rasmi akasema "jambo la pili," na mwalimu akafumba macho. Mshoni alihisi utamu ukimpanda toka kwenye nyayo, utamu mzito, wa siku nyingi. Vumilia, alisema moyoni. Vumilia, shoga, kipindi kinakaribia kuisha.

Alihisi sketi yake inavutwa.

"Mama," Chiriku alinong'ona. "Mwalimu kabanwa."

Mshoni aliinama haraka. "Umejuaje?"

"Anahesabu."

"Anahesabu nini?"

"Zile mbao za juu. Tazama mdomo wake." Mtoto alikuwa amekaza macho jukwaani, amebana mapaja yake mwenyewe bila kujua. "Mimi nilikuwa nahesabu vioo vya madirisha. Ukimaliza unaanza tena. Ukikosea ndiyo inakuja."

Mama yake alitazama. Kweli, macho ya mwalimu yalikuwa darini, na midomo ilikuwa inacheza kidogo kidogo. Mbao moja, mbao nyingine. Na mshoni akaona vioo vya madirisha ya darasa, akaona mtoto wa darasa la pili akivihesabu wiki hadi wiki, kipindi hadi kipindi, akianza tena, asikosee, na nyumbani akiulizwa shule ilikuwaje anasema nzuri. Kama kuna mtu alidhani jambo hilo lingemlainisha moyo, hakumjua mshoni. Utamu ulimtoka, ndiyo, lakini kilichobaki mahali pake kilikuwa moto mtupu.

Jukwaani mwalimu alisimama kabla mgeni rasmi hajamaliza. Watu wakageuka. Alitabasamu tabasamu la kuomba radhi, akashuka ngazi kwa upande, kama kaa, akaja mpaka mlango wa pembeni, akampita mshoni, akaingia kwenye lile darasa tupu. Mshoni akamfuata na mwanawe, akasukuma mlango ukajifunga.

"Nifungue," mwalimu alisema. "Haraka, fumua, nimebanwa."

"Mgeni rasmi hajamaliza, Mwalimu."

"Fumua nimesema!" Alijaribu kuinua pindo, likagoma magotini. Alijaribu kufikia mgongo, vidole vikaishia begani. "Mkasi wako uko wapi?"

Mkasi ulikuwa mkononi mwa mshoni. Aliuinua, ukaonekana, akaushusha.

"Wewe kila saa choo, choo," alisema kwa sauti ile ile laini ya siku ya kupima. "Una bomba tumboni? Vumilia, kipindi kinakaribia kuisha."

Mwalimu alishusha mkono. Uso wake ulitafuta yale maneno, na mshoni aliuona ukitafuta, na hilo ndilo lilikuwa baya kuliko yote: alikuwa ameyasahau. Mtu amevunja nyumba nzima na hakumbuki hata kutikisa mlango. Kisha macho yake yakamkuta Chiriku nyuma ya sketi ya mama yake, na taratibu yakaelewa.

"Ni kwa ajili ya hilo?" alisema. "Jamani, Mama Chiriku. Ilikuwa... nilikuwa na watoto wengi mle ndani, jaribio, kelele. Kitu kidogo tu kile."

"Kidogo kama hiki chako?"

"Nakuomba."

"Usiniombe mimi. Mimi si mwenye ruhusa hapa." Mshoni alisogea pembeni, mtoto akabaki peke yake katikati ya sakafu, mbele ya ubao. "Mwenye ruhusa ni huyu. Muombe kama wanavyokuomba wewe."

Mwalimu aliutazama mlango wa kuingia ukumbini, akasikia makofi. Alimtazama mshoni, akaona hakuna njia. Magoti yalikuwa yanacheza yenyewe sasa, satini ikifanya sauti ya karatasi. Akamgeukia mtoto.

"Mwanangu," alisema, "naomba niende msalani."

Chiriku aliinua kichwa. Alimtazama mama yake, na kwa mara ya kwanza tangu mpango wote uanze mshoni aliogopa, maana aliona jinsi mtoto alivyo mdogo, na jinsi kitu alichomwekea mikononi kilivyo kizito. Angeweza kulia. Angeweza kukimbia. Mumewe alikuwa ameuliza swali moja tu, naye hakulijibu.

Mtoto alimgeukia mwalimu, akamtazama kuanzia nywele mpaka viatu, bila haraka.

"Ngoja kidogo," alisema.

Akaenda kwenye meza ya mwalimu, pale msusi alipoacha glasi na jagi. Alimimina maji kwa mikono miwili, jagi likiwa zito kwake, akajaza mpaka juu. Akanywa. Mwalimu alikuwa anasikia kila funda linavyoshuka, na alijikunja akashika ukingo wa dawati, akatoa mlio mdogo. Chiriku alishusha pumzi, akanywa tena, kichwa ameinua, macho kwa mwalimu juu ya ukingo wa glasi. Mama yake hakuthubutu hata kupepesa. Mtoto alimaliza glasi nzima. Akajipangusa mdomo kwa mkono.

"Haya," alisema. "Nenda."

Mshoni alitia ncha ya mkasi kwenye fundo la shingoni, akafumua kazi yake yote kutoka juu mpaka chini, uzi ukilia, bitana, satini, nyonga. Mwalimu alilikusanya gauni lake mbele kwa mikono yote, akatoka kwa mlango wa nje, mgongo wazi, viatu vimebaki. Walisikia nyayo zake zikipiga sakafu ya varanda mpaka vyooni.

"Kafika?" Chiriku aliuliza.

"Sijui."

"Mimi nadhani kafika." Akabadilisha mguu. Kisha akasema, wazi, kwa sauti ya kusikika na mtu yeyote aliyekuwa varandani, "Mama, na mimi nataka kwenda. Nimebanwa sana."

Walikwenda wameshikana mikono. Vyooni mwalimu alikuwa amesimama kwenye sinki, gauni amelishikilia kifuani, kope zimelowa. Pindo la gauni nalo lilikuwa limelowa kidogo. Pengine ni maji ya sakafu, pengine siyo, mshoni hakuuliza. Chiriku alimpita mwalimu bila kumwogopa, akaingia, akafunga mlango, na kitasa kikalia.

Toka ukumbini spika ilisikika vizuri. "Na sasa, ndugu wageni, wakati tuliokuwa tunausubiri! Tumkaribishe mwalimu mkuu msaidizi wetu mpya!" Makofi yakaanza, yakapanda, yakaanza kupungua.

"Wananiita," mwalimu alisema. Aligeuka, akampa mshoni mgongo wake ulio wazi. "Nishone, tafadhali. Hata kwa ule mshono wa kushikiza tu. Sindano si unayo?"

"Ninayo."

"Basi nishone, wananiita!"

"Nawasikia." Mshoni aliegemea mlango aliokuwamo mwanawe, akakunja mikono. "Nikimaliza na huyu."

"Mama?" sauti ilitoka ndani. "Usiondoke."

"Siendi popote, mwanangu. Chukua muda wako."

Spika iliita tena, safari hii ikiuliza mwalimu yuko wapi. Mwalimu alimtazama mshoni, mshoni akatazama dari, na wote wawili wakasimama pale wakimsubiri mtoto amalize.